Tulizima friji ili tuone gemu ya 7

Luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inasoma uniti 0.9. Shemeji yangu alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye mita pale nyuma ya mlango, akaimulika na tochi ya simu, akaniambia kwa sauti ya chini ili dada asiamke, "Shem, angalia mwenyewe, tukiacha friji inaunguruma hatufiki kota ya nne," yani robo ya mwisho ya gemu. Ilikuwa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 18 Juni 2010, na saa hizo mtaani hakuna duka la kuuza luku, kwahiyo tukazima friji, tukazima feni, tukachomoa chaja zote, na taa ya nje tukaizima, nyumba nzima ikabaki na tivii na king'amuzi tu. Ndani ya friji kulikuwa na samaki dada alionunua Feri jana yake. Hatukumuuliza.

Saa kumi alfajiri kwa saa zetu, Alhamisi jioni kule Los Angeles, ndo ilikuwa inaanza gemu ya 7 ya fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Lakers wa Los Angeles na Celtics wa Boston. Fainali anayeshinda gemu nne ndo bingwa, kwahiyo ya 7 ndo ya mwisho. Mtaani hakuna aliyekuwa na habari nayo. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, watu wote akili zao ziko kwenye vuvuzela, siku hiyohiyo jioni Nigeria walikuwa wamefungwa na Ugiriki 2-1 alaf usiku tukaona Ufaransa wanapigwa 2-0 na Mexico kule Polokwane, vibanda vyote vilijaa mpaka watu wamesimama barabarani. Mpira ulipoisha kila mtu kaenda kulala, sisi wawili tukalala kwenye makochi na nguo zetu, alamu kwenye simu mbili, isije moja ikagoma.

Niseme mapema mi ni Lakers na shemeji ni Celtics, na hatutaniani kwenye hilo. Yeye aliipata Celtics kwenye mitumba, alinunua Karume jezi ya kijani namba 33 bila kujua ni ya nani, akaivaa uwanjani Don Bosco Upanga na kaka mmoja mkubwa akamsimamisha akamwambia unajua umevaa jezi ya Larry Bird wewe, akamkalisha chini akamsimulia. Toka siku hiyo ndo basi. Mimi nilimpata Kobe Bryant kwanza, timu ikaja baadaye, nilikuwa kijana mdogo wa mikono mirefu nisiyejua niipeleke wapi na nilimuona yule jamaa kwenye tivii ya jirani anavyoruka nikasema huyu huyu.

Sasa kuna kitu inabidi kieleweke kuhusu hizi timu mbili, maana watu wengi wakisikia watani wa jadi wanadhani ni kama Simba na Yanga, leo wewe kesho mimi. Haikuwa hivyo kabisa. Mpaka inafika 2010 walikuwa wamekutana fainali mara 11 na Boston walikuwa wamechukua 9. Tisa! Zile 8 za mwanzo zote zilikwenda Boston, kuanzia 1959 Lakers walipokuwa bado wako Minneapolis hadi 1984. Na kila fainali yao iliyofika gemu ya 7, yani 1962, 1966, 1969 na 1984, Boston ndo walioshinda. Kwahiyo shabiki wa Lakers akisikia gemu ya 7 na Boston tumbo linamkata, hata kama yeye hakuwa amezaliwa hizo enzi, kwasababu huo uchungu unarithiwa.

Ya 1962 nilisimuliwa na shemeji mwenyewe, alikuwa anaisimulia kama vile alikuwepo. Gemu iko sare, sekunde za mwisho, Frank Selvy wa Lakers anapata nafasi safi pembeni, anatupa, unagonga chuma. Ungeingia Lakers bingwa. Aliyeudaka ni Bill Russell, wakaenda dakika za nyongeza, Boston wakashinda 110-107. Russell siku hiyo alimaliza na pointi 30 na ribaundi 40, yani mara 40 aliudaka mpira uliokosa goli. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikataa, nikamwambia shem hiyo namba umeikosea, ribaundi 40 ni za timu nzima. Akaniambia mtu mmoja. Hiyo namba ishike, tutarudi kwake.

Alaf kuna 1969, ambayo mimi ndo inaniuma zaidi hata kuliko nilizoziona kwa macho yangu. Gemu ya 7 iko nyumbani kwa Lakers, mwenye timu Jack Kent Cooke kaandaa maputo kibao juu kwenye dari, yamefungwa kwenye nyavu, wakishinda yaachiwe yashuke. Celtics wazee, Russell anacheza huku ndo kocha pia, msimu wake wa mwisho. Wakaingia uwanjani wakainua macho wakayaona yale maputo. Unampa mtu mzima kama Russell sababu kama hiyo! Boston wakashinda 108-106, na mpira mmoja muhimu mno wa mwisho ni wa Don Nelson uliogonga chuma kwa nyuma ukapaa juu mrefu alaf ukarudi ukaingia. Jerry West alifunga pointi 42 siku ile, na ribaundi 13, na asisti 12, yani pasi za kufungisha, wakampa yeye zawadi ya mchezaji bora wa fainali wakati timu yake imefungwa, na hadi leo hakuna mwingine aliyepewa akiwa upande uliofungwa. West alifungwa na Boston fainali sita. Ndo huyohuyo West ambaye baadaye akawa anaendesha timu ya Lakers na mwaka 1996 akafanya mipango ya kumtoa Vlade Divac kwenda Charlotte ili ampate kijana wa miaka 17 aliyetoka sekondari moja kwa moja, Kobe. Mi huwa naona huo mstari moja kwa moja, kutoka kwenye yale maputo hadi kwa Kobe.

Miaka ya themanini nitapita haraka maana Magic wa Lakers na Bird wa Boston wameshasimuliwa sana. Ila 1985 siiruki. Gemu ya kwanza Boston wanawachapa 148-114, magazeti yote yanasema Kareem Abdul-Jabbar wa Lakers kazeeka, ana miaka 38. Gemu ya pili yule mzee anarudi na pointi 30 na ribaundi 17. Wakamaliza kazi gemu ya 6 kulekule Boston, ndo mara ya kwanza Lakers kuwafunga hawa watu fainali. Tena ribaundi, mnaona. Kila ukifukua hizi gemu chini kabisa unakuta ribaundi.

Halafu ikaja 2008. Hii sasa ni yangu mwenyewe. Tarehe 17 Juni 2008 kwa saa za Boston, gemu ya 6, Celtics na Kevin Garnett, Paul Pierce na Ray Allen waliwapiga Lakers 131-92. Nilikuwa naangalia peke yangu. Sikuzima tivii, nilibaki naangalia mpaka wanammwagia kocha Doc Rivers kile kinywaji chekundu. Wakati huo shemeji bado hajawa shemeji, alikuwa ndo anaanza kuja nyumbani kwetu na adabu zote, shikamoo kwa kila mtu, na asubuhi ile akanitumia meseji yenye namba moja tu bila salamu: 39. Ndo tofauti ya pointi. Nilimpenda kuanzia hapo kwasababu nilijua huyu mtu mpira wa kikapu unamuuma kama unavyoniuma mimi.

Kilichoniumiza zaidi 2008 ni walivyomsema Pau Gasol. Kaja Lakers mwezi wa pili mwaka huo kutoka Memphis, na kwenye fainali Garnett na Kendrick Perkins wakamsukuma wanavyotaka chini ya goli, dunia nzima ikasema jamaa laini, Mhispania laini, mtoto wa kishua. Miaka miwili hilo neno lilikuwa linamfuata. Hata walipochukua ubingwa 2009 mbele ya Orlando watu wakasema sawa, lakini hiyo sio Boston.

Kwahiyo fainali ya 2010 ilipopangika Lakers na Celtics tena, sikulala vizuri kwa wiki mbili, na gemu ya 7 ikaangukia tarehe 17 Juni, ileile, miaka miwili kamili.

Zile gemu sita za mwanzo kila moja ilikuwa na lake. Lakers walichukua ya kwanza. Ya pili Ray Allen alifunga thrii 8, ile mitupo ya mbali ya pointi tatu, saba kati ya hizo kabla ya mapumziko, nilikaa nashika kichwa, alaf gemu ya tatu huyohuyo Allen akatupa mara 13 bila kuingiza hata moja, na Derek Fisher wa Lakers akafunga pointi 11 kota ya nne kule Boston kisha akatoa machozi mbele ya kamera. Ya nne benchi la Boston likaishika, Glen Davis anapiga kelele mate yanamtoka na Nate Robinson kampanda mgongoni, shemeji aliruka mpaka akagonga meza. Ya tano Kobe alifunga 38 na bado wakafungwa. Boston mbele 3-2, wanarudi Los Angeles wanahitaji moja tu.

Gemu ya 6 Lakers walishinda 89-67, lakini kilichobaki kwenye hiyo gemu ni kota ya kwanza, Perkins anaruka kugombania mpira chini ya goli na Andrew Bynum wa Lakers, anashuka vibaya, goti la kulia linaenda, anatolewa amebebwa. Mishipa imekatika. Shemeji hakusema kitu kwa dakika nyingi. Mwisho akasema, "Hapo shem wamenitolea mlango wa nyumba." Perkins hakuwa nyota, wala hakuwa mfungaji, kazi yake ilikuwa kusimama pale chini na kuhakikisha hakuna anayepita na hakuna anayeruka kwa raha. Nyumba ina mlango hukumbuki kama upo mpaka siku ukitolewa.

Haya, turudi kwenye 0.9.

Kota ya kwanza ilikuwa mateso. 23-14 Boston. Kobe anatupa haziingii, anatupa tena haziingii, kidole cha shahada cha mkono wa kutupia kimevunjika toka Desemba, goti lilishatolewa maji humohumo kwenye mtoano, na juu ya hapo ana tamaa ya hii gemu mpaka inamzidi, unaona kabisa mtu anavyoikaba pumzi yake mwenyewe. Sauti ya tivii tumeiweka ndogo tunasikia viatu kuliko mtangazaji. Kwenye benchi la Lakers kamera ikapita kwa DJ Mbenga, mzaliwa wa Kinshasa, nikamwambia shemeji angalau kuna ndugu yetu mmoja pale anaenda kupata pete ya ubingwa, akanijibu "Subiri kwanza." Hasheem Thabeet wetu wakati huo alikuwa kamaliza msimu wake wa kwanza Memphis, wao hata mtoano hawakufika, na vijana wengi wa Dar mwaka ule walikuwa wameanza kuangalia NBA kwa ajili yake.

Mapumziko, 40-34 Boston. Na hapohapo adhana. Shemeji akanyanyuka akazima tivii, luku isiliwe bure na matangazo, tukatawadha, tukaswali palepale sebuleni, yeye imamu mimi kuliani kwake. Sikuombea Lakers, ile ilikuwa swala. Lakini mpaka leo nikikumbuka ile gemu nakumbuka kwanza ule mkeka na giza na ukimya, watu wawili ambao kwa saa tatu hizo tulitakiwa tuwe maadui, tumepanga mabega.

Tunawasha, kota ya tatu imeanza, na Boston wanapanda. 49-36. Pointi 13 nyuma, gemu ya 7, kwa Boston. Mita ikaanza kuwaka taa nyekundu nyuma ya mlango, kila mara kona ya chumba inakuwa nyekundu alaf inazima, nyekundu inazima. Nilifunika uso na mto. Shemeji hakunicheka, akaniambia tu "Bado, shem, bado mapema," na alimaanisha, kwasababu na yeye alishaona ambacho mimi nilikuwa sijakiona.

Alichokiona ni kwamba Lakers wanakosa lakini mpira hawaupotezi. Kobe anatupa, chuma, Gasol kaudaka. Artest anatupa, chuma, Odom kaugusa, Gasol tena. Gasol anakosa mwenyewe, anaruka mwenyewe, anakosa tena, anaruka tena. Yule waliyesema laini! Angekuwepo Perkins kungekuwa na kifua pale, lakini alikuwepo Rasheed Wallace, wenyewe wanamuita Sheed, miaka 35, mgongo unamsumbua, anacheza kwa moyo wote na pumzi hana, na Garnett magoti yake hayakuwa tena yale ya zamani, gemu nzima alimaliza na ribaundi 3. Mi nilicheza ndani kidogo pale Don Bosco, nimefundishwa boksi auti, yani kumzuia mtu kwa mgongo asiufikie mpira, kwa kupigwa viwiko, na nawaambia ribaundi ya ofensi, yani kuudaka mpira mlioukosa wenyewe, ni kitu kigumu sana, kwasababu mwenzako yuko kati yako na goli, kashakuweka mgongoni, na mpira haujakuita. Inabidi uamue kabla mpira haujagonga chuma kwamba hautaingia, alaf uende. Ukiwa na mashaka hata kidogo umechelewa.

Siku ile Lakers walidaka ribaundi za ofensi 23. Boston 8. Lakers walitupa mitupo 83 zikaingia 27, ambayo ni aibu, asilimia 32 na nusu, wakati Boston walitupa 71 zikaingia 29. Yani Boston waliingiza mitupo mingi zaidi na bado wakafungwa gemu. Ile mitupo 12 ya ziada, na faulo zilizopatikana chini ya goli, zote zilitoka kwenye mikono ya watu waliokataa kukubali kwamba mpira umekosa. Gasol pointi 19 na ribaundi 18, tisa kati ya hizo za ofensi. Kobe alitupa 24 zikaingia 6, namba ambayo wasiompenda wameichapa mpaka kwenye fulana, lakini alidaka ribaundi 15. Mlinzi, mtu wa kucheza nje mbali na goli! Mkono mbovu, anaona kabisa leo haziingii, akaenda kule ndani kugombania na watu warefu kuliko yeye. Watu wakiniambia ile ilikuwa gemu mbaya, gemu ya matofali, yani mitupo ya kugonga chuma tu, huwa nawauliza mliangalia mpira ukiwa hewani au mliangalia ulipotua. Kwangu mimi ndo gemu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Mpira ukikubali kuingia kila mtu ni shujaa. Siku ukikataa ndo unawajua watu.

Kota ya nne. 57-53 Boston. Dakika zikiwa zimebaki sita na kidogo Fisher anafunga thrii, 64-64, nikasimama na sikukaa tena. Kobe akaanza kuingia ndani kutafuta faulo, akapata pointi 10 kwenye hiyo kota, nyingi za frii throo, mitupo ya bure unayopewa ukifanyiwa faulo. Lakers mbele. Allen thrii, 76-73. Dakika moja imebaki na kidogo. Kobe ana mpira juu kule, wawili wanamjia, anatoa pasi kwa Ron Artest. Artest! Mtu ambaye uwanja mzima unamuomba asitupe. Kaja Lakers msimu uleule, na mwenyewe amesimulia kwamba usiku ule wa 2008 kule Boston alimfuata Kobe mpaka kwenye chumba cha kubadilishia nguo akamwambia nataka nije nikusaidie. Mbele yake Paul Pierce. Akasita kidogo, akatupa. Naukumbuka ule mpira ulivyokuwa juu, sebule nzima kimya, kona imekuwa nyekundu, imezima. Ukaingia. 79-73.

Hapo nikapiga kelele. Dada akatoka chumbani na khanga kichwani, "Nyie, kuna nini, mbona giza? Mmezima friji?" Hakuna aliyemjibu, kwasababu Wallace kashajibu na thrii, 79-76. Kobe anatupa thrii, inakosa, na nikajua imeisha, Boston wanakuja, alaf nikaona mkono mrefu mweupe juu ya wote. Gasol. Ribaundi ya ofensi. Mpira kwa Kobe, faulo, mbili zote ndani, 81-76. Bado haijaisha jamani, Rondo wa Boston anafunga thrii, 81-79, sekunde 16. Wakamfaulu Sasha Vujacic, kijana ambaye fainali nzima alicheza kidogo sana, miguu baridi, akaenda pale akaweka zote mbili. 83-79.

Dada alikuwa bado amesimama mlangoni, naye kanyamaza. Ilipolia king'ora nje kulikuwa kumeshapambazuka. Nililia, sana tu. Shemeji alikaa pale na jezi yake ya 33 mikono kwenye magoti, alaf akanyanyuka akanipa mkono, akanivuta akanikumbatia, akasema "Hongera shem. Mmedaka." Hakusema mmefunga. Kisha akaenda nyuma ya mlango kuangalia mita. 0.4. Akawasha friji.

Samaki walikuwa wazima.

Kobe akawa na pete ya tano na kwenye mahojiano akasema amemzidi Shaq, mwenzake wa zamani pale Lakers, kwa moja. Phil Jackson ya 11 kama kocha. Zawadi ya mchezaji bora wa fainali wakampa Kobe, na ile zawadi toka 2009 imebeba jina la Bill Russell, yule wa ribaundi 40, Celtics damu, kwahiyo shemeji hata pale alipata chake. Mi ningempa Gasol, nasema wazi, na kura yangu haijabadilika. Artest alimshukuru daktari wake wa akili mbele ya dunia nzima, na baadaye ile pete aliyoililia akaitoa kwa bahati nasibu kuchangia matibabu ya akili ya vijana. Mwaka uliofuata mwezi wa pili Boston wakampeleka Perkins Oklahoma City na ile timu ikawa haipo tena.

Shemeji hajawahi kuiachia ile hoja ya Perkins, na hoja ina uzito wake, siwezi kumdanganya. Wale watano wa kuanza, Rondo, Allen, Pierce, Garnett na Perkins, wakiwa wote wazima hawakuwahi kutolewa kwenye mtoano. Mi huwa namjibu Bynum naye alicheza fainali nzima na goti lililochanika, Kobe kidole na goti, kila mtu aliingia pale na kipande kimepungua. Ananiambia kipande na mlango ni vitu viwili. Tumebishana hivo harusini, msibani, kwenye daladala, miaka.

Tarehe 26 Januari 2020, Jumapili usiku, simu iliita karibu saa tano. Ni yeye. Sikuwa nimeona habari bado. Akasema, "Shem, umekaa? Kaa kwanza." Akaniambia helikopta, Calabasas, Kobe na mtoto wake Gianna, miaka 13, na wengine saba. Hakukata simu, na mi sikuongea, tulikaa hivyo tu nasikia anavyopumua.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwao. Alikuwa ameshaitafuta gemu ya 7 kwenye YouTube, nzima, kota zote nne, ameiweka tayari. Mtoto wao wa kiume akakaa katikati yetu, anauliza yule namba 24 ndo yeye, tukamwambia ndo yeye. Hatukuongea sana. Kota ya nne, Kobe anatupa thrii, inagonga chuma, ule mkono mrefu unapanda, na shemeji akasimamisha picha hapohapo, Gasol yuko hewani na mpira kwenye ncha za vidole.

"Perkins angekuwepo hii haipati," akasema.

"Labda, shem."

"Sio labda. Angalia Sheed yuko wapi. Angalia miguu yake."

"Mmeanza tena," dada akasema kutoka jikoni.

Akarudisha nyuma sekunde kumi, tukaiangalia upya, Kobe anatupa.